Je, Wajua? Diski za Seva Huhamwa

Seva moja katika chumba kidogo cha ofisi, iwe kata ya Nyanga mjini Bukoba au kule Muleba, inaweza kubeba kompyuta kadhaa zisizoshikika kwa mkono: mashine pepe. Wengi wanaotumia programu za VMware huziweka kwenye mfumo wa faili uitwao VMFS, unaoruhusu seva kadhaa kutumia diski ileile bila kugongana.

Toleo la 5 la VMFS lilipotoka mwaka 2011, kupanda kutoka la 3 kulikuwa kazi nyepesi, mashine zikiendelea kufanya kazi. Toleo la 6 lilikuja Novemba 2016, na hapo njia ikafungwa: la 5 haligeuzwi kuwa la 6, kwa kuwa mpangilio wake wa ndani ni mwingine. Ni kama Mhaya anayeuacha msonge: hujenga nyumba mpya kibanjani, huhamisha vyombo, ndipo hubomoa ya zamani. Fundi huandaa hifadhi mpya ya toleo la 6, huhamisha mashine moja moja (zikiwa zimewashwa, leseni ikiruhusu), kisha hufuta ile ya kale. Seva yenye ESXi (programu ya VMware inayoendesha mashine pepe) ya chini ya 6.5 haiwezi kuisoma hifadhi hiyo. Wengi husahau hili.

Kabla ya kuhama, tengeneza nakala ya akiba, nayo ikae jengo jingine. Miezi miwili tu kabla ya toleo la 6, Septemba 10, 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliangusha majengo mengi mkoani Kagera.

Faida ya kuhama? Ukifuta mashine, nafasi yake hurudishwa yenyewe kwenye ghala la diski, mradi ghala hilo linaruhusu.