Mlango wa Ndege ya Zamani

Wengi wetu hapa Toronto hupita Downsview bila kujua kwamba ndege ndogo ya Beaver iliundwa pale. Iliruka mara ya kwanza tarehe 16 Agosti 1947, na hadi 1967 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya 1,600. Hata Jeshi la Anga la Kenya lilikuwa nazo. Milango yake ilipanuliwa makusudi ili pipa la mafuta la galoni 45 libingirishwe ndani.

Mpwa wangu, fundi wa bati, aliniita nimsaidie kutengeneza mlango mmoja wa Beaver kuukuu. Nikaona unga mweupe kando ya bawaba. Nikashika msasa, nikasugua mpaka bati likang'aa kama sinia la arusi, nami nikajisifu. "Mjomba," akasema kwa upole, "umeiondoa ngozi yake."

Kumbe bati lile ni alumini iliyochanganywa na shaba kidogo ili iwe ngumu, kisha ikavishwa kila upande tabaka jembamba la alumini safi. Tabaka hilo ndilo kinga ya kutu. Ikabidi tukate kiraka.

Kupiga ribiti hutaka watu wawili: mmoja hugonga nje, mwenziwe hushindilia kipande cha chuma kwa ndani. Mimi nilishika chuma. Jioni mpwa wangu akakagua ribiti moja moja, akang'oa tatu nilizozilegezea mkono. Mimi niliyesahihisha madaftari ya watoto wa watu miaka na miaka! Sikumjibu, mlango huo utabeba roho za watu.

Jumamosi tunaanza mlango wa kulia.