Zabibu za Uani na Vidaka vya Jozani



Katika ua wa nyumba tunayoishi hapa Doha upo mzabibu mmoja, umetambaa juu ya kichanja cha mbao karibu na tangi la maji. Hatukuupanda sisi, tuliukuta. Kila mwaka, joto la Mei linapoanza kuuma, vichala huanza kuiva, na kabla hatujaonja hata tunda moja ndege huwa wamekwisha kututangulia. Ni wale ndege wadogo wenye kichwa cheusi na mashavu meupe ambao Waarabu huwaita bulbul, na siku hizi huja pamoja nao kasuku wa kijani wenye makelele. Mwaka jana wajukuu walituomba tutandaze wavu. Tukatandaza. Asubuhi ya tatu tulimkuta bulbul mmoja amenasa, amekufa kwa joto. Wavu tukauondoa siku ile ile, na zabibu zikaliwa.

Habari hii ni ndogo, lakini wiki hiyo hiyo ilitufikia nyingine kubwa kutoka nyumbani, nayo vilevile ni ya shamba na wanyama. Tunaamini familia nyingi za hapa zinalo shamba la namna hiyo: shamba la marehemu, lenye warithi waliotawanyika Unguja, Muscat, Doha na London, na mtu mmoja tu anayelala karibu nalo.

Letu lipo kusini ya Unguja, si mbali na msitu wa Jozani. Lina minazi, miembe, mikungu michache na kipande cha mihogo. Anayelitazama ni mpwa wetu. Alituletea ujumbe wa sauti kwamba kima punju wamelivamia, wanaangusha vidaka vya minazi, na baadhi ya warithi wanataka mikungu na miembe ikatwe ili kima wakose pa kukaa. Ikishindikana, shamba ligawiwe viwanja na kuuzwa. Idhini yetu ndiyo iliyokuwa ikingojwa. Wengine walikwisha kuitoa, na sisi, tukiri, tulikaribia kuitoa. Mtu akiwa ng'ambo, mti wa nyumbani hukatwa kwa urahisi sana, kwa neno moja la simu.

Kilichotuzuia ni mazoea ya kazi yetu ya zamani. Mwalimu hata akistaafu haachi kuuliza: umejuaje?

Kima punju ni mnyama wa Unguja, na asili yake haipo penginepo duniani. Ana mgongo mwekundu, uso mweusi uliozungukwa na nywele nyeupe, na kidole gumba chake ni kidogo mno hata huonekana kama hana. Wataalamu walimpa jina la John Kirk, balozi wa Uingereza mjini Zanzibar katika karne ya 19. Wazee wetu walimpa jina la sumu. Punju ni sumu, na mashambani iliaminika kuwa mti anaoula hufa. Tulikua tukisikia hivyo, wala hatukumwona hata mtu mmoja aliyekwenda kuutazama mti huo baada ya mwaka.

Chakula chake hasa ni majani na matunda mabichi. Tumbo lake lina vyumba kama la ng'ombe, kwa ajili ya kuchachusha majani, na matunda matamu yaliyoiva hayamfai. Ndiyo maana hupenda majani ya miembe na mikungu, ambayo yana lishe nzuri lakini pia yana kemikali kali. Dawa yake ya kemikali hizo ni makaa. Huokota makaa kwenye tanuri za wachomaji na kwenye visiki vilivyoungua, akayatafuna. Watafiti waliliandika jambo hili mwaka 1997. Wajukuu walipolisikia walicheka hadi machozi, kisha mmoja akauliza kama makaa ya bukhuri yanamfaa. Hatukuwa na jibu.

Sasa tuje kwenye nazi, maana ndiyo kesi yenyewe. Wasomaji waliokulia mashambani wanajua kuwa nazi haiwi nazi kwa siku moja. Upunga hutoa kidaka, kidaka huwa kitale, kitale huwa dafu, dafu huwa koroma, na koroma ndiyo huwa nazi. Safari hiyo huchukua mwaka mzima au karibu yake. Anachokula kima punju ni tunda changa, la mwanzoni mwa safari. Na mnazi wenyewe, bila ya kuguswa na kiumbe yeyote, hudondosha vidaka vyake vingi, kwa kuwa hauna nguvu ya kuvilea vyote.

Watafiti wawili, Kirstin Siex na Thomas Struhsaker, walikwenda kupima jambo hili katika mashamba ya jirani na Jozani na kutangaza matokeo yao mwaka 1999. Hawakuuliza tu, walihesabu: kima wamekula kiasi gani, na wakwezi wameangua kiasi gani. Walikuta kwamba pale kima walipokula vidaka vingi mavuno ya nazi hayakupungua, yaliongezeka. Maelezo yao ni kuwa kima hufanya kazi ya mkulima anayepunguza matunda machanga ili yaliyobaki yanone. Mwenye mzabibu anaijua kazi hiyo: kichala kilichosongamana hupunguzwa mapema.

Tulimpigia mpwa wetu tukamweleza haya kwa furaha, kama mtu aliyeshinda kesi. Alitusikiliza kwa adabu hadi mwisho. Kisha akasema, "Shikamoo mjomba, nazi nimekuelewa. Na mihogo?"

Hapo tulinyamaza. Mihogo haing'olewi na kima punju. Kwa maelezo yake huingia yule kima mwingine, wa kijivu mwenye koo jeupe, na usiku huingia nguruwe mwitu. Hasara hiyo ni ya kweli, na hakuna utafiti wa nazi utakaoifuta. Tangu chuoni tumefundishwa kwamba Muislamu akipanda mti, kisha mtu, ndege au mnyama akala humo, huandikiwa sadaka. Tunaliamini hilo. Lakini ni wepesi kulisoma chini ya kiyoyozi cha Doha, huku anayeamka usiku na tochi ni mwingine, na sehemu yake katika mirathi haizidi yetu hata kwa nazi moja.

Serikali na wanavijiji walikwisha kuuona ugumu huu kabla yetu. Tangu miaka ya 1990 sehemu ya viingilio vya watalii wanaokwenda kuwatazama kima imekuwa ikirudi vijijini, na wakulima wa jirani na msitu walikuwa na chama chao, UWEMAJO, cha kupokea fungu lao. Barabara inayopita msituni ilijengwa matuta ili magari yasiwagonge kima. Mwaka 2004 Jozani na Ghuba ya Chwaka zikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa, ya kwanza Zanzibar. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2017 ilikuta kima punju zaidi ya 5,800, idadi kubwa kuliko ilivyodhaniwa, ingawa bado yumo katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka.

Chui wa Unguja hakupata bahati hiyo. Baada ya Mapinduzi ya 1964 alisakwa kwa kampeni kubwa, kwa kuwa watu waliamini kuwa anafugwa na wachawi, na hadi leo hakuna ushahidi uliokubaliwa na wote kwamba amesalia hata mmoja. Sisi wa umri huu tulisikia habari zake tu. Nguruwe mwitu, ambaye chui angemla, anaendelea kula mihogo.

Idhini ya kukata hatukuitoa, na tumewaandikia warithi wenzetu sababu. Wawili wamekubali kungoja, mmoja hajatujibu, na mmoja amesema tumelewa hewa ya Ughaibuni. Mpwa amekubali kuandika katika daftari nazi za kila muanguo kwa mwaka mzima, mnazi kwa mnazi. Kwa upande wetu tumemwachia fungu letu la nazi kwa muda huo, liwe ujira wa ulinzi na fidia ya mihogo. Muanguo wa kwanza umekwisha kuandikwa. Amesema mkwezi alimcheka kumwona na kalamu chini ya mnazi.