WAYA ZA SAITIMIRA HAZIKATWI

Ndugu wafanyakazi, safari hii tunataka kuzungumza juu ya pini. Wenzetu wa mashamba ya chai msigeuze ukurasa. Trekta la siku hizi, lori la kubebea majani mabichi na mashine za kiwandani zina soketi za namna hii hii, na soketi ikiharibika anayetazamwa kwanza ni mfanyakazi.

Kiyovu ya Kigali mnaifahamu: mlima wa mabalozi, maofisi na mahoteli. Zamani palikuwa na Kiyovu ya maskini pia, mpaka ilipovunjwa mwaka 2008 na watu wakahamishiwa Batsinda. Magari ya wakubwa yamebaki, na milango yake imejaa umeme. Saitimira moja ina mota mbili za kugeuza kioo, mara nyingi na ya tatu ya kuikunja, na nyingine zina waya za kukipasha kioo joto ili ukungu usikae.

Mwanachama wetu mmoja, kijana wa gereji, alipewa gari la Kiyovu lililogongwa saitimira. Alibandua gamba la mlango, akafungua nati tatu, akavuta. Kutoka ilitoka, lakini ilipofika kuhamisha waya kwenye kichwa kipya, soketi ilikataa kupita. Tundu la kwenye kiwiko ni jembamba kama kidole, soketi ni pana. Msimamizi alikuwa amesimama nyuma yake akipiga kelele kwamba mwenye gari anasubiri. Kijana akashika koleo, akakata waya zote, akapitisha, akazisokota na kuzifunga tepu. Gari likaondoka. Mvua za masika zilipoanza, maji yaliingia mlangoni, shaba ikaota kutu ya kijani, fyuzi ikaungua. Mwenye gari akarudi na hasira zake, na tajiri akaamua bei ya soketi na waya mpya itoke katika mshahara wa kijana, miezi mitatu mfululizo.

Sisi tulikwenda kwanza kwa fundi mzee, tuelewe kosa lenyewe kabla ya kwenda kugombana ofisini. Alituketisha juu ya tairi akatuonyesha.

Kwanza ondoa waya ya hasi kwenye betri, kisha ngoja. Vitabu vya Toyota huagiza angalau sekunde 90, kwa sababu ya mifuko ya hewa inayofutuka gari likigongwa. Soketi ya manjano kwa kawaida ni ya mifuko hiyo, usiiguse kabisa. Halafu chukua karatasi, chora soketi na matundu yake, andika rangi ya waya ya kila tundu. Waya mbili zikiwa na rangi moja, zifunge tepu yenye namba. Kazi hii ni ya dakika tano, na wengi huiruka. Ukichanganya pini, dereva atabonyeza juu kioo kiende kushoto, au fyuzi ikatike palepale.

Sasa pini. Soketi nyingi zina kufuli la pili, kipande cha plastiki chenye rangi tofauti. Kiinue kidogo tu, usiking'oe. Ndani ya kila tundu mna ulimi mdogo unaoshika pini. Mzee alitumia sindano ya kushonea magunia aliyoifua ikawa bapa. Alisukuma waya mbele kidogo ili ulimi ulegee, akaubonyeza kwa sindano, akavuta waya taratibu kutoka nyuma. Pini ikatoka nzima. Ikikataa, alisema, usivute kwa nguvu, chunguza tena kwa tochi. Pini nyingine ulimi wake ni wa bati, uko kwenye pini yenyewe. Huo uurudishe nje kidogo kabla ya kupachika, na usikilize mlio wake inapokaa. Vuta kidogo kuhakikisha.

Tulikwenda kwa tajiri na ile soketi iliyokatwa mkono mmoja, sindano mkono wa pili. Tukamwuliza: kijana huyu ulimpa chombo hiki? Nani alimfundisha? Msimamizi alimpa muda gani? Tukamsomea pia Mkataba Na. 95 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1949, kifungu cha 8, kwamba makato ya mshahara yafanywe tu kwa masharti na kwa kiasi kilichowekwa na sheria ya nchi, au mapatano ya pamoja, au uamuzi wa usuluhishi. Kelele za msimamizi hazimo humo. Kijana alikosea, hatukumficha, naye mwenyewe alikiri mbele ya tajiri.

Makato ya mwezi wa pili na wa tatu yalifutwa. Gereji imenunua seti ya vyombo vya kutolea pini, nayo hufungiwa katika sanduku la msimamizi. Fedha ya mwezi wa kwanza haijarudishwa, nasi tumekwisha andika barua mbili.