Mto Unapoishiwa Nguvu

Kwa sehemu kubwa ya mwaka korongo la Makanya, wilayani Same, ni mchanga mtupu. Mvua ikipiga vileleni maji hushuka kwa kishindo, kisha huzama mchangani. Milima ya Upare, ambayo kilele chake cha Shengena kina mita 2,462, huzikamua pepo za Bahari ya Hindi unyevu wake kabla hazijavuka kuja upande huu.

Magharibi mwa nyika hiyohiyo, Mto Pangani haukauki. Maji yake ni mgeni: yametoka Kilimanjaro na Meru, yakaletwa na Kikuletwa na Ruvu. Ni mito ya aina hii, inayozaliwa kwenye mvua au theluji na kupita kwenye ukame, inayoweza kubeba chombo jangwani kwa siku nyingi. Colorado wa Marekani ni mmoja wa iliyo mashuhuri zaidi.

Tarehe 24 Mei 1869 John Wesley Powell, askari wa zamani aliyepoteza mkono vitani, aliianza safari ya kuuteremka akiwa na watu tisa na mashua nne. Aliimaliza tarehe 30 Agosti kwenye mlango wa mto Virgin, zikiwa zimebaki mashua mbili na watu sita, yeye akiwamo. Watatu walikuwa wameogopa maporomoko siku mbili tu kabla ya hapo, wakapanda kuta za korongo kwa miguu. Hawakuonekana tena.

Mlango ule ulimezwa na ziwa Mead, lililotokana na bwawa la Hoover katika miaka ya 1930. Kwa wanaouteremka mto huo baada ya hapo, siku ya mwisho ya safari ikabadilika kabisa. Mto hubeba mchanga na tope kwa kasi yake. Ukikutana na maji yaliyotulia, kasi hufa. Mchanga mzito hutua kwanza, udongo laini huenda mbali zaidi. Mpiga kasia huyajua hayo kwa mabega yake, maana msukumo umekoma na kila hatua ni ya nguvu zake mwenyewe. Ziwa lilipopungua, mto ulijichimbia njia mpya katika tope lake wenyewe, na karibu na Pearce Ferry ukazua maporomoko ambayo Powell hakuyakuta.

Kikuletwa na Ruvu nayo hukomea kwenye maji yaliyotulia, katika bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960. Jambo hili linawagusa watu wa Same moja kwa moja: mradi mkubwa wa maji wa Same na Mwanga, uliozinduliwa mwaka 2025, unachota maji humo na kuyapandisha kwa pampu. Udongo unaomomonyoka mashambani huko juu unastahili kuangaliwa kwa uzito uleule wa mabomba.

Wapare wanaifahamu kazi ya kupambana na tope. Ndiva zao, mabwawa madogo yanayojazwa usiku na kufunguliwa mchana kumwagilia mashamba, hujaa tope kwa kanuni ileile, na wanakijiji hulizoa kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja, kila kaya ikitoa mtu na jembe.