Muziki wa utulivu: Safari kutoka Paris hadi Nairobi, na swali linalobaki Katana

KATANA, Kivu Kusini – Ukitoka Bukavu kwenda kaskazini kando ya Ziwa Kivu, unaukuta uwanja wa ndege wa Kavumu kabla ya kufika Katana, wilayani Kabare. Februari 2025, waasi wa M23 waliuteka uwanja huo muda mfupi kabla ya kuingia Bukavu. Tangu hapo, kwa watu wa njia hii, utulivu si jambo la anasa.

Ipo albamu maarufu iliyotungwa kwa ajili ya viwanja vya ndege. Mwingereza Brian Eno aliitoa mwaka 1978, akaiita Music for Airports. Alitaka muziki wa kumpunguzia msafiri wasiwasi, unaoweza kusikilizwa kwa makini au kuachwa uendelee pembeni. Aliuita ambienti, na jina hilo likabaki: muziki wa elektroniki usio na haraka, ambao mara nyingi hauna ngoma wala maneno.

Jina ni la Eno, lakini wazo lina wazee wake katika muziki wa klasiki.

Mwaka 1917, Mfaransa Erik Satie alianza kutunga alichokiita muziki wa samani, yaani muziki wa kukaa chumbani kama kiti au meza. Ulipopigwa Paris mwaka 1920 wakati wa mapumziko ya mchezo wa kuigiza, wageni walinyamaza ili wasikilize. Satie aliwahimiza waendelee kuzungumza na kutembea, lakini hawakumsikia.

Eno alilifikia wazo hilo akiwa kitandani. Mapema mwaka 1975 aligongwa na teksi. Rafiki yake akamletea sahani ya santuri ya muziki wa kinubi wa karne ya 18. Sauti ilikuwa chini mno, naye hakuwa na nguvu za kuinuka kuiongeza, hivyo kinubi kikachanganyika na mvua iliyokuwa ikinyesha nje. Mwaka huohuo alitoa Discreet Music, ambayo upande wake wa pili umejengwa juu ya Kanoni ya Johann Pachelbel, mtunzi Mjerumani wa karne ya 17.

Mwingine aliyemfungua masikio Eno ni Mmarekani Steve Reich, aliyekuwa akirudiarudia vipande vya sauti kwenye kanda tangu mwaka 1965. Mwaka 1970 Reich alisafiri hadi Ghana kujifunza ngoma, na mwaka uliofuata akamaliza kazi yake kubwa, Drumming. Kwa hiyo muziki huu si wa Ulaya na Marekani peke yake. Afrika imo ndani yake.

Leo Waafrika Mashariki wanautunga wenyewe. Joseph Kamaru wa Nairobi, anayejulikana kama KMRU, alitoa albamu ya Peel mwaka 2020. Nyokabi Kariuki, Mkenya aliyeanzia kwenye piano na kusomea utunzi New York University, alitoa peace places: kenyan memories mwaka 2022. Humo sauti alizorekodi nyumbani zinakutana na ala na elektroniki, na kipande kimoja kinamtembeza msikilizaji katika shamba la bibi yake.

Kariuki hakuacha aliyojifunza kwenye piano. Ameyatumia kuhifadhi sauti za mahali anapopapenda, na hapo ndipo kazi yake inapowahusu watu wa Katana.

Bashi wa huku wana lulanga, ubao wa mti uliochongwa na kufungwa nyuzi, ndugu wa inanga ya Rwanda na Burundi. Kule Burundi mpigaji huimba kwa mnong'ono, sauti na uzi vikikaribia kuwa kitu kimoja. Miaka ya mwanzo ya 1950, mtafiti Mmarekani Alan Merriam alikuja kuchunguza muziki wa Bashi na kuuandikia vitabuni.

Leo kazi ya namna hiyo inaweza kuanza bila kumngoja mtafiti kutoka mbali. Simu ya kawaida inarekodi lulanga ya mzee, mawimbi ya ziwa alfajiri, au kwaya inayojifunza sauti nne jioni. Watu wanapohama kwa sababu ya vita, sauti za namna hiyo huhama nao, na nyingine hufa na wenyewe. Satie alitaka muziki unaokaa nyumbani kama kiti. Kwa aliyekimbia nyumba yake, sauti iliyorekodiwa huenda ikawa kiti pekee alichoweza kukibeba.