Gari Lililolala Halishtuliwi

Haya wanangu, sogeeni karibu. Leo nawasimulia habari za gari la mbio lililolala bandani miaka mingi, na jinsi linavyoamshwa.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z, kutoka Japani. Lina pua ndefu, viti viwili tu, na injini ya lita 2.4 yenye silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. Msilidharau kwa udogo wake. Mwaka 1971, Edgar Herrmann na msoma ramani wake, Hans Schüller, walipitisha gari la aina hii kwenye vumbi na matope ya mashindano ya Safari Rally ya Afrika Mashariki, wakashinda. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda na gari la aina hiyohiyo, Lofty Drews akiwa kando yake.

Sasa Datsun kama hilo likiegeshwa likasahauliwa, linapatwa na nini? Kusimama nako huliharibu. Petroli huwa mvuke, na inayobaki hugeuka gundi, ikaziba vitundu vyembamba vya kabureta zake mbili. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, nao unyevu ukala chuma kwa ndani. Mipira hukauka ikapasuka. Panya hutafuna nyaya. Na ndani ya silinda, ringi za pistoni hugandana na ukuta kwa kutu.

Mwenye pupa hufunga betri mpya, akazungusha ufunguo. Pistoni iliyoganda ikilazimishwa hivyo, ringi zaweza kuvunjika na ukuta wa silinda ukachubuka. Fundi mwenye busara huacha ufunguo mfukoni. Anafungua plagi zote sita, anamimina oili kidogo katika kila tundu, kisha anaiacha ipenye kwa siku kadhaa. Baadaye anaweka gia huru, anashika boliti ya puli iliyo mbele ya injini kwa spana, na kuizungusha kwa mkono, taratibu. Ikigoma, hailazimishi. Anaongeza oili na kungoja tena, mpaka injini izunguke mzunguko mzima bila kukwama.

Hapo ndipo kazi nyingine hufuata. Tangi linamwagwa petroli kuukuu na kusafishwa kutu. Mipira ya petroli inabadilishwa yote, maana tone moja likidondokea injini ya moto laweza kuteketeza gari zima. Kabureta zinafunguliwa, kila kitundu kinazibuliwa. Oili na maji ya rejeta huwekwa mapya.

Hata injini ikinguruma, gari bado halijawa tayari kutoka. Breki zinafunguliwa kwenye magurudumu yote manne, na matairi yaliyopasuka ubavuni yanatupwa hata kama kashata zake bado nzima. Sakafu nayo inagongwagongwa kutafuta kutu, na vilevile sehemu iliyo chini ya betri, kwa kuwa tindikali ya betri hula bodi. Gari lisiloweza kusimama halina ruhusa ya kukimbia.

Basi, ukikuta gari kuukuu uani kwa babu, usiliguse peke yako. Omba ruhusa, fanya kazi na mtu mzima, usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki pekee, na injini isiwashwe ndani ya banda lililofungwa, kwa sababu moshi wake huua. Kisha anza kwa spana na oili, na ufunguo uje mwisho.