Baraza la Jiji la Salvador: Ukumbi Juu, Gereza Chini

Jiji la Salvador, katika jimbo la Bahia nchini Brazil, liliasisiwa na Tomé de Sousa mwaka wa 1549 kwa amri ya mfalme wa Ureno, na baraza lake likaundwa mwaka uo huo. Salvador ndiyo iliyokuwa makao makuu ya koloni hilo hadi mwaka wa 1763.

Chini ya sheria za Kireno, waliochagua na kuchaguliwa kuwa madiwani ni wale walioitwa homens bons, yaani 'watu wema'. Mwanafunzi wa semantiki atatanabahi mara moja kwamba wema huo haukuhusu tabia. Mtu mwema alikuwa mwenye mali na nasaba. Mtumwa hakuhesabiwa, wala fundi wa kazi za mikono kwa kawaida. Wema hao ndio waliopanga bei za vyakula, wakatoza ushuru na kusimamia usafi wa mji.

Jengo lao lilikuwa na ukumbi juu na gereza chini. Mpangilio huu ulikuwa wa kawaida katika miji ya Kireno, ila hapa ulizaa tukio la kukumbukwa. Usiku wa kuamkia tarehe 25 Januari 1835, Waislamu wenye asili ya Afrika Magharibi walioitwa Malê waliasi, na wakalishambulia gereza hilo ili kumwokoa mzee wao, Pacífico Licutan. Mzee huyo hakuwa na kosa lolote. Bwana wake alidaiwa, naye akazuiliwa humo kama mali inayongoja kunadiwa! Waasi walishindwa kumtoa.

Wakati huo sheria ya mwaka wa 1828 ilikuwa imekwisha kuyapunguzia mabaraza uwezo na kuyaweka chini ya mikoa. Mwaka wa 1937 Getúlio Vargas aliyafunga kabisa. Katiba ya 1988 ndiyo iliyoipa miji hadhi ya kuwa sehemu kamili ya shirikisho, sambamba na majimbo.

Siku hizi madiwani ni 43. Hawachaguliwi kwa wadi kama ilivyo kwetu. Jiji zima ni eneo moja la uchaguzi, na viti hugawanywa kulingana na kura za vyama. Hutunga sheria za jiji, huidhinisha bajeti na kumhoji meya. Kuhusu nani ahesabiwe, safari ilikuwa ndefu: utumwa ulikomeshwa mwaka wa 1888, lakini asiyejua kusoma na kuandika, na wengi wao walikuwa wazao wa watumwa, hakuruhusiwa kupiga kura hadi mwaka wa 1985.